Mzee wa Lindo na Askari wa Kwenye Gemu

Jana usiku mzee alicheka mpaka ikabidi aweke kikombe cha kahawa chini. Tangu nihamie nyumba hii ya Ngamiani, hapa Tanga, huu mwaka wa tatu, namjua kama mtu wa maneno machache. Analinda duka la vifaa vya ujenzi linalotazamana na mlango wangu: mabati, nondo, mabomba, mifuko ya saruji chini ya turubai. Anaingia zamu saa kumi na mbili jioni, anaegemeza baiskeli kwenye nguzo, anatandika kipande cha boksi juu ya benchi ili baridi isimpande mgongoni, rungu pembeni, tochi mkononi. Ikifika saa tatu anavuka barabara kuja kuchaji simu kwangu. Ndivyo tulivyozoeana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeme upo?"

Simu ikiwa inachaji anasimama pale mlangoni, jicho moja dukani kwake, jingine kwenye TV yangu. Mimi saa hiyo watoto wameshalala, pedi ya gemu iko mkononi, nacheza Metal Gear Solid V. Si gemu mpya, ilitoka tarehe 1 Septemba 2015, ila mashine yangu ya gemu, PS4, nimeipata mtumba mwaka jana, kwa hiyo kwangu ni mpya kabisa. Hadithi yake ni ya mwaka 1984. Unaanzia Afghanistan, wakati jeshi la Kisovieti liko kule, baadaye unahamia mpakani mwa Angola na Zaire. Wewe ni mtu mmoja mwenye mkono wa bandia, na mbele yako kuna malindo na kambi zilizojaa askari. Kazi yako ni kuingia na kutoka bila kuonekana.

Kilichomchekesha mzee ni boksi. Kwenye gemu hii unaweza kujificha ndani ya boksi la karatasi ngumu, na juu ya boksi unabandika picha. Mimi nilibandika picha ya ofisa wa jeshi. Ukisimama ndani yake, kwa mbali inaonekana kama afande kasimama. Askari wa doria akatokea, akaiona, akakakamaa, akapiga saluti.

"Huyo anampigia saluti nani?" mzee akauliza.

"Boksi, mzee."

Ndipo akacheka. Alipopata pumzi akasema, "Hata mimi ningepiga. Bosi akitokea gizani utaanza kumuuliza kama ni mtu au karatasi?"

Nimelala nalo neno hilo. Mimi nilikuwa nimemcheka yule askari kwa ujinga wake. Mzee alicheka kwa sababu alimwelewa.

Gemu za kunyatia nimezianza utotoni, kwenye kibanda cha gemu cha mtaani, tunalipia kwa nusu saa. Wengi walikuja kucheza mpira. Sisi wawili watatu tuliovumilia zamu yetu tulicheza Metal Gear Solid ile ya mwaka 1998, ya PlayStation ya kwanza. Humo ndimo nilipokutana na alama ya mshangao: askari akikuona inachomoza juu ya kichwa chake na mlio wake mkali, na kibanda kizima kinapiga kelele. Ndimo pia nilipojifunza kwamba askari huyo huyo anaweza kuziona nyayo zako kwenye theluji, akazifuata moja moja. Sisi watoto wa Tanga theluji tuliijua kwenye TV tu, lakini nyayo tulizijua. Tulitoka pale tukaenda kufuatana ufukweni wakati maji yametoka.

Mfululizo wenyewe wa Metal Gear ulianza mwaka 1987 kwenye kompyuta iliyoitwa MSX2. Konami, kampuni ya Kijapani, walitaka gemu ya vita, wakampa kazi kijana wao Hideo Kojima. Ile mashine haikuweza kuonyesha maadui wengi na risasi nyingi kwa pamoja, kwa hiyo akageuza shauri: badala ya kupigana, mchezaji ajifiche. Naipenda sana habari hii. Udhaifu wa mashine ndio uliomtoa askari kwenye kundi la kulengwa risasi, akawa mtu wa kuchunguzwa. Unajua anageuka lini, anatembea hatua ngapi, anasimama wapi kupumzika. Hakuna aina nyingine ya gemu inayokulazimisha kumtazama adui kwa muda mrefu namna hiyo.

Sasa mzee naye anawatazama, na anawatazama kama mtu wa kazi.

Kosa la kwanza alilolikamata ni la sauti. Mkono wa bandia wa mhusika wangu unaweza kutoa mlio wa chuma. Ukiugonga, askari aliye karibu anasikia, anasema kitu na mwenzake asiyekuwepo, kisha anaondoka kwenye lindo lake peke yake kwenda kuangalia. Anapofika kwenye kona, mimi nipo. Namkamata kwa nyuma, napiga roba. Mzee hakufurahi. "Peke yake? Na ameacha geti?" Alirudia mara mbili, ameacha geti.

Kosa la pili ni usahaulifu. Ukiwakurupusha wanakutafuta, wanapiga kelele, wanamulika kila kichaka. Ukitulia mahali muda wa kutosha, wanarudi walikokuwa, na maisha yanaendelea. Rafiki yao amelala chini ya mti na sindano ya usingizi shingoni, wao wameshatulia. Mzee alisema kwao mtu akipita na kuchungulia uani mara moja tu, watamzungumzia mwezi mzima.

Lakini kuna kitu kilimbadilisha, na ni kitu ninachokiona kuwa kikubwa kuliko vyote kwenye gemu hii. Kwa wiki mbili nilikuwa na mtindo mmoja: bastola ya sindano za usingizi, nalenga kichwa, mtu analala papo hapo. Usiku mmoja nikafika kwenye lindo nililolijua vizuri, nikalenga, sindano ikadunda. Askari amevaa kofia ya chuma. Wa pili naye hivyo hivyo. Gemu inaweka kumbukumbu ya tabia zako. Ukipenda kupiga vichwa, wanavaa kofia za chuma. Ukipenda kuingia usiku, wanavaa miwani ya kuonea gizani. Ukiwapulizia gesi, kesho wana barakoa.

Mzee alisogea kutoka mlangoni mpaka ndani, mara ya kwanza. Akasema, "Hawa wamekaa kikao."

Akanieleza kwamba miaka ya nyuma, alipokuwa akilinda ghala la mkonge huko upande wa Muheza, watu walipita nyuma, pale ambapo ua ulikuwa umeliwa na mchwa. Asubuhi yake hakuna aliyemwambia kitu. Alitengeneza ule ua mwenyewe, kwa mkono wake, na usiku uliofuata akahamisha kiti chake. "Hawajanipata tena hapo," alisema, na nikaona jinsi anavyoitamka ile "hapo", kama mtu anayetaja shamba lake.

Tangu siku hiyo akawa anawachagulia askari sifa. Anayempenda kuliko wote ni yule ambaye akiona kitu hakimbilii, anashika redio kwanza na kuripoti kambini. "Huyo ndiye mlinzi," anasema. Mimi kama mchezaji huyo ndiye ananitesa, maana baada ya taarifa yake wanakuja wa pembeni, wengine wanarusha mabomu ya mkono kule walikoniona mara ya mwisho, huku mwingine ananizunguka. Dawa yake ni kuharibu mitambo ya mawasiliano kabla hujaanza lolote. Nilipoilipua mitambo ile mbele ya mzee alinyamaza kidogo. "Umemkata ulimi," akasema. Sikuifurahia ile misheni iliyobaki.

Kuna na hili la lugha. Ukimkaba askari wa Kirusi unaweza kumuuliza wenzake wako wapi, na anajibu, ila kwa Kirusi, na wewe hujui. Inabidi ukamtafute mkalimani, umchukue uende naye, ndipo maneno yanaanza kueleweka. Kule Afrika yupo pia mkalimani wa Kikongo wa kutafutwa. Mimi Mbantu wa pwani nilikaa nikitabasamu peke yangu kwamba ndugu wa lugha yangu amefika mpaka kwenye gemu ya Wajapani.

Kumchukua mtu huko ni kwa puto. Unamfunga kamba, puto linajaa, askari anainuka mita chache, anatulia kidogo, halafu anavutwa angani huku akipiga yowe. Amerika walikuwa nao mtambo wa kweli wa namna hii miaka ya 1950, ndege ikimnasa mtu kutoka chini kwa kamba na puto. Kwenye gemu unaweza kumfunga hata mbuzi, na mbuzi naye anapiga yowe. Mzee aliomba nirudie ya mbuzi mara tatu.

Usiku mwingine tulizungumza habari za nyuki. Katika Metal Gear Solid 3, ya mwaka 2004, unaweza kupiga risasi mzinga wa mavu juu ya mti ukawaangukia askari, wakatawanyika. Nilipomsimulia, mzee hata hakushangaa. Nani wa Tanga atashangazwa na hilo? Novemba 1914 Waingereza walileta meli na askari wapatao 8,000 kutoka India kuuteka mji huu. Wajerumani wa kamanda von Lettow-Vorbeck na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000. Vita vilipopamba moto nyuki walitoka mizingani wakawashambulia watu, na habari ikaenea kwamba ulikuwa mtego wa Wajerumani. Haukuwa mtego, lakini mpaka leo vinaitwa vita vya nyuki.

Mimi kinachoniuma kama mchezaji wa gemu za kunyatia ni kilichotangulia nyuki. Waingereza walikuwa na nafasi ya kuja kimya. Badala yake tarehe 2 Novemba nahodha wa meli yao alishuka mjini kudai mji usalimu amri, akatoa muda, akarudi melini. Wajerumani wakautumia ule muda kuleta askari kwa treni kutoka Moshi. Jeshi likashuka upande wa Raskazone kukuta wenyeji wao wameshajipanga. Nikipita Raskazone jioni, upepo ukitoka baharini, huwa najiuliza ni nani alikuwa zamu siku ile, nani aliyekuwa wa kwanza kuziona zile meli kwenye upeo wa bahari na akakimbia kwenda kusema. Vitabu vinataja majenerali. Huyo wa kwanza kuona mimi ndiye ningependa kumjua.

Wiki iliyopita nilimwona mzee kazini kwa macho yangu. Ilikuwa yapata saa sita, umeme umekatika mtaa mzima, nimetoka kukaa barazani kwa joto. Kikasikika kishindo juu ya mabati ya duka, kizito, halafu kimya, halafu kingine. Nikasubiri amulike. Hakumulika. Tochi iliyokuwa inawaka mkononi mwake aliizima. Akarudi nyuma taratibu mpaka mgongo ukagusa ukuta, geti liko kulia kwake kwa hatua moja, na akabaki hivyo. Sikumwona tena. Nilijua yupo kwa sababu benchi lilikuwa tupu. Dakika tano, labda zaidi. Mimi niliyekaa nikacheza saa mamia za kujificha gizani sikuwahi kufikiri kwamba mlinzi naye anaweza kujificha.

Kishindo kikaja cha tatu, kikafuatiwa na ule mlio wa mtoto anayelia. Komba. Walikuwa wawili, wakaruka kutoka kwenye paa kwenda kwenye mwembe wa jirani. Mzee akawasha tochi, akazunguka duka lote, akagusa kila kufuli kwa mkono, ndipo akarudi kukaa. Kesho yake nilipomuuliza kwa nini hakwenda kuangalia alikosikia kishindo, alinitazama kama nimeuliza kitu cha mtoto. "Mabati yako wapi, juu au chini?"

Nimeanza kucheza tofauti. Siui tena mtu kwenye gemu, nalaza tu, na nikimlaza namvuta pembeni asije akakanyagwa na gari. Inachukua muda mrefu zaidi na misheni nyingine nimezirudia mara nne. Jana kabla ya lile boksi nilimlaza askari mmoja kwenye lindo dogo la mlimani, kijana mwenye bunduki begani ambaye alikuwa akitembea huku na huko mbele ya pipa la moto. Mzee alikuwa amemwangalia muda mrefu kuliko wengine. Simu yake ikajaa, akaichomoa, akaniaga.

Leo amekuja mapema, hata jua halijazama vizuri. Nilikuwa namwagia maua maji. Hakutoa chaja. Aliitikia salamu yangu, akasimama mlangoni palepale pake, akauliza:

"Yule kijana wa kwenye pipa, aliamka?"

Nikaweka kopo chini, nikaingia ndani kuwasha TV, tukaenda kumwangalia.