Jinsi nilivyojenga kiini cha Linux kabla umeme haujakatika

Hapa Kadutu, Bukavu, umeme haukai muda wa kutosha kujenga kiini cha Linux (kernel, programu ya msingi inayoendesha kompyuta) kutoka msimbo wake, kwa usanidi unaokuja na mfumo. Usanidi huo huwasha maelfu ya moduli (vipande vya kiini, nyingi zikiwa draiva za vifaa), kwa sababu lazima ufae karibu kila kompyuta. Kwa watengenezaji ni uamuzi sahihi. Kwa laptopu moja ya zamani ni mzigo mzito.

Nilinakili faili ya usanidi iliyokuwa ikifanya kazi tayari, ile iliyomo /boot, nikaiita .config. Nikaendesha amri ya make olddefconfig, ambayo hujaza kila chaguo jipya kwa thamani ya msingi bila kuuliza maswali. Kisha make localmodconfig: hii hutazama moduli zilizopakiwa wakati huo na kuzima nyingine.

Hapo ndipo pa kuwa makini sana. Kifaa kisichochomekwa huhesabiwa kuwa hakipo. Kwa hiyo kwanza chomeka modemu ya USB na flashi, ufungue flashi yenyewe ili moduli ya FAT (mfumo wa faili wa flashi nyingi) nayo ipakiwe. Modemu ndiyo intaneti yetu wengi. Ikikosa draiva, hata kupakua marekebisho huwezi.

Nilizima pia taarifa za utatuzi (debug info, za kutafutia hitilafu) kwa kuchagua CONFIG_DEBUG_INFO_NONE, maana hula diski vibaya. CONFIG_STACKPROTECTOR_STRONG, kinga dhidi ya mashambulizi ya kumbukumbu, sikuigusa: usalama siuzi kwa dakika chache.

Umeme ukikatika katikati, andika make tena; itaendelea na faili zilizobaki. Na kiini cha zamani kiache kwenye menyu ya GRUB (programu ya kuchagua kiini cha kuwasha) mpaka kipya kimewaka na modemu imeshika mtandao.