Halua moja, alama 22 na alama 44: jaji gani kakosea?

Majaji watatu, halua tatu. Halua hazina majina, zina namba tu: 214, 507 na 862. Alama ya juu kabisa ni 50. Jaji wa kwanza kazipa 44, 43 na 42. Wa pili kazipa 43, 42 na 41. Wa tatu kazipa 22, 30 na 45. Ukijumlisha, 214 ina 109, 507 ina 115 na 862 ina 128. Kombe linakwenda kwa 862, halua ambayo majaji wawili kati ya watatu waliiweka mkiani.

Mfano huu ni wa kutunga, lakini hesabu zake ndizo zinazowasha maneno barazani kila yanapomalizika mashindano ya mapishi, iwe Wete, Pemba, au Mjini Unguja. Watu husema upendeleo. Mara nyingi hakuna upendeleo wowote. Majaji wawili wa mwanzo wamecheza ndani ya alama tatu tu, wa tatu kaenda kutoka 22 mpaka 45, na kwenye jumla anayetanua alama ndiye anayeamua peke yake. Zigeuze alama hizo ziwe nafasi: 214 inapata 1, 1 na 3, jumla 5, 507 inapata 6, 862 inapata 7. Aliyekuwa wa mwisho sasa ni wa kwanza, na hakuna aliyeonja upya hata kipande.

Lakini msikimbilie nafasi. Pengine jaji wa tatu ndiye pekee aliyegundua kwamba 214 ina wanga mbichi, na wenzake wamelewa harufu ya hiliki. Pengo la alama 22 halitibiwi kwa kikokotoo. Linatibiwa kwa kusimamisha kazi na kuulizana.

Waliohangaika na jambo hili kwa muda mrefu ni majaji wa bia za kutengeneza nyumbani kule Marekani. Bia si mada ya baraza letu, ila utaratibu wao ni halali kuazima. Chombo chao cha kusomesha na kupima majaji, BJCP, kilianza 1985. Karatasi yao ina alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, mguso kinywani 5, na 10 za hukumu ya jumla. Kila jaji huandika kimya kwanza, kisha wanafunuliana. Tofauti ikizidi alama 7, wanaonja tena na kuzungumza mpaka wakaribiane. Pamoja na hayo yote, bado mtu hupeleka bia ileile kwenye mashindano mawili akarudi na alama zisizofanana hata kidogo.

Kwenye mvinyo mambo si bora zaidi. Mwaka 2008 Robert Hodgson, mtengeneza mvinyo wa California, alichapisha matokeo ya majaribio aliyofanya katika mashindano ya mvinyo ya California State Fair, maonyesho ya jimbo hilo la Marekani. Majaji walimiminiwa mvinyo uleule, kutoka chupa ileile, mara tatu bila kujua. Takriban mmoja kati ya kumi tu ndiye aliyeurudisha kwenye daraja lilelile la medali. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kwa nini majaji wawili hawakubaliani, uliza kama jaji mmoja anakubaliana na nafsi yake.

Turudi kwenye sufuria. Karatasi ya bia haifai kunakiliwa kama ilivyo, kwa sababu halua ni kitu cha mguso. Ladha za sukari, samli na hiliki hazipishani sana kati ya wapishi wazuri; kinachowatenganisha ni inavyokatika, inavyovutika na inavyoyeyuka. Mgawanyo wa mwonekano 5, harufu 8, ladha 15, mguso 15 na jumla 7 unaelekea zaidi. Na kabla ya karatasi ya alama iandikwe karatasi nyingine, nusu ukurasa unatosha: halua tunayoitafuta leo ikoje? Laini ya kuchota kwa vidole, au ngumu ya kukatwa kwa kisu? Yenye lozi au bila lozi? Halua ya sukari guru isiwekwe kundi moja na ya zafarani, la sivyo jaji mmoja atahukumu weusi kuwa ni kuungua na mwengine atausifu. Ugomvi mwingi wa alama ni ugomvi wa maelezo ambayo hayakuandikwa.

Majaji pia wajue kasoro inatoka wapi, wasiishie kwenye "sikuipenda". Wanga mbichi hujulikana kwa unga unga juu ya ulimi na harufu ya uji usioiva. Mara nyingi ni wanga uliotiwa bila kuvurugwa kwanza kwa maji baridi, au moto uliokuwa mkali mwanzoni: madonge yakashika nje yakabaki mabichi ndani. Chenga za sukari hutoka ukingoni mwa sufuria, pale matone yaliyokauka yanaporudi ndani na kuita mengine. Ndimu kidogo huzuia, kwa sababu ukali wake huvunja sehemu ya sukari na mchanganyiko hauwi mwepesi wa kuganda chenga. Uchungu wa kuungua huanzia chini, pale mkono uliposita kukoroga. Na hapa kuna mtego unaowanasa majaji wageni: halua ikiiva hutoa samli. Kipande kinachong'aa ni cha mtu aliyejua wakati wa kuepua, si cha kukatwa alama. Cha kukatwa alama ni kile kilichoacha kidimbwi cha samli kwenye sahani.

Kasoro hizi hazifundishiki kwa maneno matupu. Waandaaji wapike sufuria ndogo tatu ambazo hazishindani: moja iepuliwe mapema, moja iachwe ishike moto kidogo, moja iwe nzuri ya kawaida. Majaji wazionje pamoja, kwa sauti, na wakubaliane kwamba ile nzuri ya kawaida ni, tuseme, 36. Robo saa hiyo inaondoa sehemu kubwa ya pengo la mfano wetu wa juu, maana sasa kila mtu ana msumari mmoja wa kutundikia alama zake.

Umri wa halua ni jambo linalosahaulika mno. Wanga uliopoa huendelea kukaza, kwa hiyo halua ya jana na halua ya juzi zina mguso tofauti hata kama mpishi ni mmoja. Kanuni iseme wazi: ipikwe siku moja kabla, na zote zipokelewe saa ileile. Zikae chumba kimoja pia. Halua iliyokaa chini ya kiyoyozi samli yake huganda ikawa nzito, na iliyokaa dirishani hulegea. Jaji atadhani anahukumu mpishi, kumbe anahukumu meza.

Kukata na kupanga sahani afanye mtu asiyehukumu, chumba kingine. Kikapu kinamtambulisha mwenye halua, basi kibaki huko huko. Vipande viwe vya gramu 15 hivi, sahani nyeupe za aina moja, na namba za tarakimu tatu zilizookotwa bila mpangilio. Msitumie 1, 2, 3 wala A, B, C. Macho hupenda chenye sura ya kutangulia.

Sahani sita kwa mkupuo mmoja, kisha mapumziko ya dakika 20. Zaidi ya hapo utamu unaua ulimi, na halua ya nane huonekana haina ladha hata kama ndiyo bora. Katikati wasuuze kwa maji ya vuguvugu. Maji ya friji ndiyo kosa kubwa: hugandisha samli kinywani, na kipande kinachofuata kinaonjwa juu ya utando wa kile kilichopita. Kipande cha boflo kavu kinasaidia. Kahawa chungu ni mwenzi wa halua tangu na tangu, lakini siku ya kuhukumu isubiri mpaka karatasi zikusanywe.

Majaji waje bila udi, bila asumini, bila manukato, na wanawe mikono kwa sabuni isiyonukia. Ni kazi kuwaambia hivyo watu waliovaa kwa ajili ya sherehe, lakini alama 8 za harufu haziwezi kupiganiwa kwenye chumba kilichofukizwa. Saa nne asubuhi ni wakati mzuri. Mwenye njaa hukipa kipande cha kwanza alama za shukrani, aliyeshiba biriani hukipa kila kipande alama za usingizi.

Mpangilio wa sahani usiwe mmoja kwa wote. Kama halua yenye hiliki kali imetangulia, inayofuata huonekana imepooza, na hilo likiwapata majaji wote watatu, mshiriki mmoja kaonewa na karatasi zote zitaonyesha "makubaliano". Jaji wa kwanza aanzie sahani ya kwanza, wa pili aanzie ya tatu, wa tatu aanzie ya tano.

Sasa lile la Hodgson. Katika sahani sita, tano ziwe halua tofauti na ya sita iwe marudio ya mojawapo, kwa namba nyengine. Majaji waambiwe mapema kwamba marudio yapo, bila kuambiwa ni ipi. Si mtego wa kumuaibisha mtu. Jaji ambaye alama zake mbili zimepishana kwa zaidi ya 5, maoni yake yasomwe na kurudishwa kwa mpishi, ila namba zake zisiingie kwenye hesabu. Kwa hiyo wekeni majaji wanne au watano, msibaki na wawili.

Washiriki wakiwa wengi na meza zikawa mbili, msilinganishe alama za meza hii na ile hata kama karatasi ni moja. Mbili bora za kila meza zikatwe upya, zipewe namba mpya, na majaji wote wazipange nafasi ya 1 hadi ya 4 bila kuandika alama.

Na mgeni rasmi akifika saa sita, akapewa karatasi "naye atie alama zake", mpeni sahani ya halua na kikombe cha kahawa. Jaji aliyeonja sahani mbili kati ya sita hana nafasi kwenye jumla, hata kama ndiye atakayekabidhi kombe.