Picha za harusi zilizopauka

Wiki iliyopita nilipokea picha 40 za harusi ya mdogo wangu kutoka studio ya kusafishia picha, na kanga nyekundu na za kijani za mashangazi, ambazo kwenye kompyuta yangu ziliwaka vizuri, zilikuwa zimepauka kana kwamba zimeanikwa juani mwezi mzima. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeiweka kamera kwenye Adobe RGB, nafasi ya rangi (yaani mpangilio unaoamua kila namba kwenye faili ni rangi gani) ya mwaka 1998 iliyo pana kuliko sRGB, ile ya kawaida kwenye skrini nyingi, hasa upande wa kijani, nikiamini kwamba upana huo ungenipa rangi tele zaidi. Mashine ya studio ilisoma kila faili kana kwamba ni sRGB bila kuangalia profaili iliyoambatanishwa (maelezo ndani ya faili yanayotaja nafasi yake ya rangi), hivyo namba zilezile za rangi zikageuka rangi hafifu. Nilizibadilisha faili kuwa sRGB (kubadilisha hasa, si kupachika profaili nyingine tu, maana kupachika huziacha namba zilivyo), kisha nikazisafisha upya, na wekundu ukarudi. Kwa printa yangu ya wino ya nyumbani, yenye profaili ya karatasi yake (maelezo ya jinsi wino wake unavyotoa rangi kwenye karatasi hiyo), bado natumia Adobe RGB, kwani wino wake hufikia kijani ambacho sRGB haina.