Mdomo unaimba, sikio liko wapi?

Hare Krishna wapendwa, poleni na mihangaiko ya wiki.

Leo nataka tuongee kuhusu sikio, yaani kuyasikia majina ya Mungu tunayoyataja kwa kuhesabu shanga. Kila tukikutana swali la kwanza huwa ni mizunguko mingapi ya shanga, prabhu (ndugu) umemaliza 16, mataji (mama) wewe bado uko kwa 8 ama umepanda, na sio vibaya, hesabu inasaidia maana bila hesabu mtu atasema ameimba asubuhi nzima kumbe alitaja Jina mara tatu usingizi ukamchukua. Ila sijawahi kusikia mtu anaulizwa, je umeyasikia hayo majina uliyoyataja? Na kwa maoni yangu hilo ndilo swali lenyewe.

Bwana Krishna kwenye Gita, kitabu chetu kitakatifu, sura ya 10 mstari wa 25 anasema kati ya dhabihu zote Yeye ni japa, yaani kulitaja Jina kwa kurudiarudia. Angeweza kutaja zile dhabihu kubwa za moto, za samli na nafaka na makuhani waliosomea miaka, lakini akataja hii ambayo mtu asiye na hata shilingi anaifanya akiwa amekaa kwenye mkeka. Sasa shida yetu ni kwamba kitu kikiwa cha bure tunakifanya kibure bure.

Tuangalie inavyokwenda kwa wale wageni kati yetu. Mala, ule mkufu wa kuhesabia, ina shanga 108 na moja kubwa juu. Unashika kwa kidole gumba na kidole cha kati, cha shahada kinabaki nje ya mfuko wa kuwekea mala, hakigusi shanga. Kila ushanga mantra moja nzima, Hare Krishna Hare Krishna, Krishna Krishna Hare Hare, Hare Rama Hare Rama, Rama Rama Hare Hare, hayo ni majina 16. Ukifika kwenye ule ushanga mkubwa huuruki, unageuza mala unarudi ulikotoka. Mizunguko 16 inakuwa mantra 1,728, yaani majina zaidi ya 27,000 kwa siku, na mtu aliyezoea anakwenda kama dakika 7 kwa mzunguko, kwa hiyo ni karibu saa 2 nzima.

Na hapo ndani ya saa 2 mambo mengi hutokea! Vidole vikishazoea vinajiendea tu, ulimi nao ukizoea hauhitaji mtu wa kuusukuma, unashtuka uko ushanga wa 60 na tangu ule wa 5 ulikuwa unapanga kodi ya nyumba, umemjibu bosi vile ulivyoshindwa kumjibu jana, umegombana na jirani kichwani na ukamshinda. Mantra zote hizo umezitamka, na hakuna hata moja uliyoisikia.

Arjuna, yule anayeongea na Krishna kwenye Gita, alilalamika hilo hilo, akamwambia Bwana akili hii ni ngumu kuishika kama upepo. Ukisoma pale sura ya 6 utaona Krishna hakumkatalia, alikubali kabisa kwamba ni ngumu, akamwambia inawezekana kwa mazoezi na kwa kuacha kung'ang'ania mambo. Na kabla ya hapo, mstari wa 26, alishasema popote akili itakapokimbilia, kutoka huko huko irudishwe. Hakusema isikimbie. Mimi mstari huu hunipa nguvu sana kwa sababu unachukulia kwamba itakimbia, tena na tena, na kazi ya mja ni kuifuata na kuileta nyumbani bila kujichapa viboko kila mara.

Sasa iletwe wapi? Kwenye japa inaletwa kwenye sauti, basi. Sauti yako mwenyewe, inatoka mdomoni inaingia sikioni. Srila Prabhupada, mwalimu aliyeanzisha harakati yetu ya Hare Krishna, wanafunzi wake walipomuuliza wafanyeje akili itulie wakati wa japa, aliwaambia wasikilize tu mtetemo wa lile Jina. Wengine walitegemea wapewe mbinu fulani ya pumzi au picha ya kuiweka kichwani, wakapewa kusikiliza.

Bhaktivinoda Thakura, mwalimu wetu wa zamani aliyezaliwa 1838, aliliandika jambo hili kwa undani kuliko wengi. Na kumbukeni huyu hakuwa mtu wa kukaa pangoni, alikuwa hakimu wa serikali, ana familia kubwa, mafaili mezani, kesi za watu, kwa hiyo hakuna wa kuniambia yeye alikuwa na nafasi sisi tuko bize. Anasema kutokuwa makini wakati wa kutaja Jina kuna sura tatu: kuna kutojali, kuna uzito, na kuna kutangatanga. Kutojali ni pale unaimba ili umalize. Uzito ni ule usingizi na uvivu, miayo kila ushanga. Kutangatanga tumeshakusema hapo juu, kodi na jirani. Na dawa mojawapo anayoitoa ni kukaa karibu na waja wanaoimba kwa makini, yaani umakini unaambukizwa. Mimi naona ni kweli, ukiketi karibu na mtu anayesikiliza kwelikweli hata wewe unaona aibu kuchungulia simu.

Lakini anayenifundisha zaidi kuhusu sikio ni Haridasa Thakura, na hasa yule mwanamke wa Benapol.

Haridasa alizaliwa Bengal kwenye familia ya Kiislamu, akawa mtaja Jina kiasi kwamba Chaitanya Mahaprabhu mwenyewe, aliyeeneza kuimba Jina huko Bengal, alimheshimu kama mwalimu wa Jina. Hesabu yake ilikuwa majina 300,000 kwa siku, mchana na usiku. Alikuwa na kibanda msituni pale Benapol, siku hizi ni mpakani mwa Bangladesh na India, ana mti wake wa tulasi, mmea tunaoutukuza, anaomba chakula kwa majirani, watu wakampenda. Bwana mkubwa mmoja wa eneo hilo, Ramachandra Khan, akaingiwa na wivu. Akaita makahaba, akawaambia nataka mmharibie huyu mtu jina. Mmoja mzuri sana akasema nipe siku tatu.

Usiku wa kwanza akaenda amejipamba. Chaitanya Charitamrita, kitabu cha maisha ya Mahaprabhu, inasema alipofika aliusujudia tulasi, akamsujudia na Haridasa, kisha akakaa pale mlangoni akajieleza bila kuficha kitu anachotaka. Na Haridasa hakumfukuza! Hakumhubiria dhambi pia. Alimwambia sawa, nitakutimizia, ila bado sijamaliza hesabu yangu, wewe kaa hapo usikilize Jina mpaka nimalize. Yule dada akakaa. Kukakucha hesabu haijaisha, akaondoka.

Usiku wa pili akarudi, Haridasa akamwomba radhi kwa kumchelewesha jana, akamwambia kaa usikilize. Akakaa tena mpaka asubuhi, na safari hii na yeye akawa anaitikia, anataja Hari, Hari. Haridasa akamweleza kwamba ana nadhiri ya kumaliza majina milioni 10 ndani ya mwezi, imekaribia kuisha. Usiku wa tatu akaja, akasujudu, akakaa, akasikiliza. Kufikia alfajiri moyo wake ulikuwa umegeuka, akaanguka miguuni mwa Haridasa akasema yote, nani kamtuma na kwa nini, na akaomba aambiwe afanye nini na maisha yake. Haridasa akamwambia alikuwa anajua tangu mwanzo, na angeshaondoka pale siku ile ile, ila alibaki siku tatu kwa ajili yake.

Dada yule aligawa mali yake yote, akanyoa kichwa, akabaki na kitambaa kimoja, akakaa kwenye kile kibanda na kuendelea na majina 300,000 kwa siku, na watu wakubwa wa imani walikuwa wanakuja kumwona.

Sasa tuangalie huyu mwanamke alifanya nini hizo siku tatu. Hakuwa na mala, hakupewa diksha (kuingizwa rasmi na guru), hakufunga Ekadashi (siku yetu ya mfungo), hata nia aliyokwenda nayo ilikuwa mbaya. Alichofanya ni kukaa na kusikia, usiku mzima mara tatu. Hakuwa na njia ya kuharakisha, maana aliyekuwa anahesabu ni mwingine. Sisi tunaohesabu wenyewe tunakimbiza shanga ili tufike mwisho, yeye alikuwa anasubiri mwisho ambao hauji, na huko kusubiri ndiko kulikomgeuza.

Kuna jambo hapa linaloletaga mabishano na mimi nina upande wangu. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha Kihindu, zinasema japa ya kunong'ona inazidi dhabihu ya kawaida mara 100, na ya moyoni, isiyosikika kabisa, mara 1,000. Wapo wanaolishika hilo na kusema sisi wa kupaza sauti tumekosa adabu. Haridasa alishawahi kubanwa na swali hilo hilo na brahmana (mtu wa tabaka la makuhani) mmoja aliyekasirika kwamba anapiga kelele, na jibu lake lilikuwa kwamba anayetaja kimya anajinufaisha mwenyewe, anayetaja kwa sauti anamnufaisha na anayesikia, hata ndege na wadudu wasioweza kutamka. Mimi niko na Haridasa. Sidharau japa ya moyoni, ni ya watu waliokwisha tulia, lakini kwa akili kama hizi zetu za meseji na vikundi 12 vya watsapu, ukiniambia niimbe kimya moyoni ndani ya dakika 2 niko sokoni. Sauti inanipa mahali pa kushika. Sio lazima upige ukelele uamshe mtaa mzima, inatosha uisikie wewe.

Kirtani, yaani kuimba Jina kwa pamoja na vyombo, ndiyo inatulazimisha kusikia zaidi, kwa sababu ya kuitikia. Anayeongoza anaimba, wengine wanyamaze, ndipo waitikie. Hapo katikati wewe huna kazi nyingine ila kusikiliza, toni imepanda au imeshuka, mwendo umeongezeka au bado, na usiposikiliza utaumbuka maana utaitikia peke yako kitu kisichokuwepo. Ukichunguza hata mpiga mridanga (ngoma yetu) mzuri utamkuta macho yake yako kwa anayeongoza, na mwenye matoazi yuko kwa mpiga mridanga, kila mtu anamsikiliza mwenzake. Mahaprabhu alianza hivi Navadvip, mji wake huko Bengal, waja wakikusanyika usiku nyumbani kwa mja wake Srivasa milango imefungwa, kabla ya sauti kutoka nje na kufika barabarani.

Na hapa niseme kitu wengine hawatakipenda. Kirtani zingine siku hizi zimekuwa konseti. Kuna mahali nilikaa, sitapataja, anayeongoza anabadilisha toni kila mara mbili, spika ziko fulu, hamoniamu, kinanda cha mkono, inapanda na kushuka ngazi, watu wameacha kuitikia wamebaki kupiga video. Sina ugomvi na vyombo, hamoniamu yenyewe ilitoka Ulaya na tukaipokea, huko India redio ya taifa ilikuwa imeipiga marufuku kuanzia 1940 na kirtani zikaendelea nayo vizuri tu. Ugomvi wangu ni pale muitikiaji anapogeuzwa kuwa mtazamaji. Toni moja rahisi nusu saa nzima, bibi wa miaka 80 na mtoto wa nasari wote wanaitikia, hiyo kwangu ndiyo kirtani.

Mwaka 1971 Srila Prabhupada alipofika Nairobi kirtani ilifanyika Kamukunji, uwanja wa watu wote, uwanja wa siasa na uhuru, sio ndani ya hekalu la Wahindi peke yao. Aliwasisitizia wanafunzi wake kwamba Waafrika waingie, wasiachwe nje ya mlango. Waliosimama pale siku ile wengi hawakuwa wanajua Krishna ni nani wala mantra ile imetoka wapi. Walisikia. Sisi wengine tunaosoma ujumbe huu leo tumepata kwa njia hiyo hiyo, mtu alipita na matoazi, sikio likageuka kabla kichwa hakijauliza chochote.

Kwa hiyo wiki hii naomba tujaribu kitu. Asiongeze mtu mizunguko. Kama unaimba 4 baki na 4, kama ni 16 baki na 16, wala usipunguze kama umeshaahidi. Ila amka kabla ya jua, kwetu huku jua linachomoza karibu saa ile ile mwaka mzima kwa hiyo hakuna kisingizio, kama saa 11 kasoro ule muda wa brahma muhurta, saa takatifu kabla ya mapambazuko, unaanza na hata majirani wenye redio wamelala. Simu ibaki chumba kingine. Chukua mzunguko mmoja tu, wa kwanza, uwe wa kusikia kila jina mpaka mwisho. Ukipotea rudi, ukipotea tena rudi, usianze mala upya, endelea ulipo. Mizunguko mingine imba kama kawaida yako, usijipe presha.

Na Jumapili kwenye kirtani tumeongea na prabhu wa vyombo, spika zitakuwa chini, toni itakuwa moja tangu mwanzo, na watakaoongoza watapokezana, wakiwemo wale wanaosema sauti zao ni mbaya. Atakayekuja na mtoto aje naye, tuna matoazi madogo ya ziada. Prasadam, chakula kilichotolewa kwa Krishna, ni kichuri (wali uliopikwa na dengu) na kachumbari, mwenye ndizi alete.

Hari Bol.