Gunzi mgongoni, ligombo sikioni: nilivyoachana na jinamizi

Kisu chini ya mto hakisaidii kitu dhidi ya jinamizi. Naanza na hilo kwa sababu nimeshauriwa na watu wasiopungua sita, wawili wana digrii zao kabisa, na nilichoambulia ni shuka kuchanika. Shuka lenyewe nilinunua Mashine Tatu, hapa Iringa, kwa kama elfu ishirini, ishirini na tano, sikumbuki vizuri, ila rangi yake naikumbuka na uchungu wake bado ninao.

Chumvi kwenye kona nne za chumba ilivuta unyevu wa masika ikawa tope. Viatu kulala vimegeuzwa juu chini: faida niliyoipata ni kugundua kwamba soli zimeisha. Mganga mmoja alitaka laki na kuku mweusi. Mimi kuku nilikuwa nao mia mbili, wote wa manjano, wote wa wiki moja, tukashindwana.

Sasa nieleze. Nafuga kuku wa nyama Mtwivila, hapa Iringa mjini. Machi ya mwaka jana niliingiza vifaranga mia mbili kwenye chumba cha pili cha nyumba ninayopanga. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzijoto 32 au 33, na huu mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa masika hapa si wa kulala na dirisha wazi. Wenye nazo wana taa za gesi. Mimi nina vyungu viwili vya mkaa, na mkaa haujui kwamba wewe umelala. Kwa hiyo nalala saa nne, naamka saa sita kuchochea, saa nane na nusu tena, saa kumi na moja tena. Vifaranga wakirundikana, baridi. Wakikaa mbali na chungu wanahema midomo wazi, umezidisha. Wakitawanyika wanapiga kelele zao ndogo ndogo, rudi kitandani.

Usiku wa tano nikakabwa.

Mnaojua mnajua. Macho yako wazi, dari unaiona, hata ule mstari wa maji yaliyovuja kwenye silingibodi unauona, ila mkono hauendi, sauti haitoki, na kifuani kuna uzito. Yangu ilikuwa na mtu. Alikaa kwenye gunia la pumba pale mlangoni, amenipa mgongo, anahesabu vifaranga. Anahesabu taratibu kama karani wa mizani, anamwinua mmoja mmoja na kumweka upande wa pili. Mia na tisini na saba. Mia na tisini na nane. Mia na tisini na tisa. Halafu ananyamaza, anageuka bila haraka, na mimi pale kitandani naelewa kabisa kwamba wa mia mbili ni mimi.

Akinyanyuka kwenye gunia ndipo mwili unafunguka. Jasho, moyo unadunda, na saa inasema saa nane na dakika ishirini. Nikaenda kuchochea mkaa nikiwa nimewasha tochi ya simu na taa ya chumbani kwa pamoja. Mwanaume mzima.

Usiku uliofuata alirudi. Na uliofuata.

Shemeji yangu, mtu ninayemheshimu kwa mambo mengine, ndiye aliyekuja na dawa ya ulanzi. Machi mianzi inagemwa, ulanzi uko kila kona, bei ni ya mboga tu. Akasema tatizo lako unalala usingizi mwepesi, jinamizi linakukuta njiani. Kunywa mkangafu, siyo huu mtamu wa watoto, uzame moja kwa moja lisikuone. Ukiwa umekabwa siku nne mfululizo, maneno kama haya yanaingia akilini. Tukaenda kilabuni saa kumi na mbili jioni. Nilikunywa lita mbili, labda na kidogo juu. Tuliongea siasa, tuliongea bei ya mahindi, nilimwambia shemeji kwamba yeye ni kaka yangu wa damu. Nikarudi nikalala kama gogo, na kweli, saa sita sikukabwa. Saa sita sikuamka pia. Wala saa nane na nusu. Alamu ililia mpaka ikakata tamaa. Saa kumi na nusu nikafungua macho na jamaa yupo kwenye gunia, safari hii amekuja na mwenzake, wamegawana kazi, huyu anahesabu kuanzia mwanzo na yule kuanzia mwisho, ili wamalize mapema.

Vifaranga kumi na mmoja walikufa usiku ule. Walirundikana kwenye kona, wa chini wakakosa hewa. Shemeji nilimtumia picha bila maneno.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba pombe hufanya hivyohivyo: inazikandamiza ndoto mwanzoni mwa usiku, halafu ikianza kuisha mwilini zinarudi kwa mkupuo alfajiri, zikiwa na deni. Aliyenieleza ni dada nesi anayepanga chumba cha mbele. Nilikuwa simwambii kitu kwa aibu, ila alinikuta uani nafukia vile vifaranga, macho mekundu, akauliza, "Kaka, unalala wewe?"

Nikamwambia yote, mpaka karani. Hakucheka. Akasema mtu akiwa anaota, ubongo unazima viungo makusudi, usije ukaamka ukatandika mateke kweli. Sasa ukizinduka kabla viungo havijawashwa, unakuwa macho huku mwili bado uko ndotoni, na ndoto nayo inamwagikia chumbani. Kifua kinaonekana kizito kwa sababu unataka kuvuta pumzi ya nguvu na misuli haikusikilizi. Mara nyingi ni sekunde kadhaa, ikizidi sana dakika chache, ingawa mimi ningeapa mahakamani ni nusu saa. Kinachochochea ni usingizi wa vipande vipande. "Na unalalaje? Chali?" Chali, ndiyo. "Acha."

Akaomba aone banda. Kufika mlangoni akanyamaza katikati ya sentensi. Nilikuwa nimehamishia godoro langu mle ndani, pembeni ya vyungu, ili nisitembee usiku. "Unalala humu? Na mkaa?" Alifungua dirisha yeye mwenyewe, akaburuta godoro mpaka koridoni. Sumu ya mkaa haina harufu, alisema, na yule wa kwenye gunia hajawahi kuua mtu lakini chungu kinaua familia nzima. Siku hiyo niliogopa kuliko siku zote nilizokabwa.

Basi, kulala ubavu. Rahisi kusema. Unalala ubavu, usingizi ukikolea mwili unajigeuza wenyewe, unajikuta chali na karani ameshafika mia na tisini. Nilikuwa na fulana ya kampeni ya uchaguzi (chama nakihifadhi, uchaguzi umekwisha, fulana bado mpya). Nikashona mfuko mgongoni kwa sindano ya mkono. Jaribio la kwanza niliweka mpira wa soksi: ukalala bapa, nikaulalia kama mto mdogo, raha tupu. La pili nikaweka kiazi. Tuna viazi vingi huku, nikaona kipo kigumu, kina umbo. Usiku wa kwanza kilifanya kazi. Usiku wa pili pia. Usiku wa tatu kilipasuka na mimi nikaamka na mgongo uliolowa, nikipiga yowe kwamba nimechinjwa.

Ndipo nikaangalia debe la magunzi ya kuwashia moto. Jamani, gunzi! Kavu, gumu, lina vijino. Moja halitoshi, linabingirika kwenda ubavuni na unalala juu yake bila kujua. Yafunge mawili kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, yalale kwa upana katikati ya mabega, siyo chini kiunoni maana huko utapata ugonjwa mwingine. Na liwe gunzi la mahindi yaliyokauka shambani. La mahindi ya kuchoma ni laini, litakuvundia. Mwili ukijaribu kulala chali, unapata ujumbe na kurudi ubavuni bila hata wewe kuamka. Gharama sijui, uzi nilikuwa nao. Mama mwenye nyumba aliiona fulana kwenye kamba, akaipapasa mgongo, akaniangalia, akaondoka bila kuuliza. Mpaka leo hajauliza.

Kukabwa kuliisha wiki hiyohiyo, na hapo ratiba sijaibadilisha. Ndoto ilibaki, maana karani aliendelea kuja kuhesabu, tofauti ni kwamba sasa niliweza kumkimbia. Dada nesi akaniambia niandike ndoto mchana, nibadilishe mwisho wake, kisha niusome kila jioni. Niliandika kwenye daftari la kuku kwa sababu ndilo nililokuwa nalo: chakula kiasi fulani, vifo hakuna, na chini yake: "Ndugu karani, wa mia mbili huyu hapa, alikuwa nyuma ya chungu." Halafu namkabidhi kifaranga, anaweka sahihi, anaondoka. Nilijisikia mjinga siku tatu. Siku ya nne au ya tano usiku alihesabu, akanitazama, nikampa. Sahihi hakuweka.

Kilichokuwa kimebaki ni ule muda wa saa nane na nusu. Ukishachochea mkaa, inabidi ukae kama nusu saa uone joto limetulia, na nusu saa hiyo ukiwa peke yako na kumbukumbu ya karani ni ndefu. Nikaanza kununua bando la usiku, nikawa natafuta muziki. Bongo fleva inaniamsha. Mahubiri yananiamsha zaidi. Nikaingia kwenye dansi ya zamani, Tancut Almasi, bendi ya kile kiwanda cha kukata almasi kilichokuwa hapahapa Iringa, miaka ya themanini. Marehemu baba alikuwa anaisema sana na mimi nilikuwa simsikilizi. Kosa langu likawa kuiweka saa tisa usiku: yale magitaa yalininyanyua kwenye ndoo niliyokalia, nikacheza peke yangu na koleo la mkaa mkononi, na usingizi ukapotea mpaka kunakucha.

Nilitaka kitu cha chini zaidi. Nikasema ngoja nitafute muziki wa kwetu hasa, sisi Wahehe. Nikaandika "Hehe". Jaribuni muone: zinakuja video za watu wanacheka. Kurasa na kurasa za hehe hehe hehe. Usiku mzima wa kwanza nilitazama watoto wachanga wa Kizungu wakicheka. Usiku wa pili nikaongeza neno Tanganyika, na hapo ndipo mlango ukafunguka.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza, alizunguka Tanganyika na mashine za kurekodi, akawanasa Wagogo, Wanyamwezi, Wahaya na wengine wengi, na Wahehe wamo. Chombo kinaitwa ligombo. Ni mti uliochongwa mithili ya hori dogo, uzi mmoja umepitishwa ukienda na kurudi mpaka zikawa nyuzi kadhaa, na kibuyu cha kukuza sauti. Mpigaji anaimba chini chini kama anajisemea. Nyuma kuna mkwaruzo wa santuri unaofanana kabisa na mkaa unaposhika. Kihehe changu ni cha kuombea maji, nilielewa neno moja kati ya matano, na hiyo ndiyo ikawa dawa: maneno ambayo huyashiki hayakuamshi. Nilirudi kitandani na kile kidude kikiendelea kudonoa, nikalala kabla hakijaisha.

Mawazo ya saa tisa usiku ni ya ajabu. Nikawa nafikiria fuvu la Mkwawa, chifu wetu aliyepigana na Wajerumani, lililokaa Ujerumani tangu enzi zile za vita mpaka likarudishwa mwaka 1954, sasa liko makumbusho ya Kalenga, unalipa kiingilio unaliona. Mwaka huohuo 1954 Tracey alianzisha maktaba yake ya muziki wa Afrika, iliyopo hadi leo kwenye Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Kichwa kinaingia, sauti inatoka. Asubuhi nilimwambia dada nesi, akasema nipunguze chai ya rangi jioni.

Pasaka nikaenda Kalenga kwa bibi.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, baba. Mbona umekonda? Kuku wanakula wewe hauli?"

Nikamwekea ligombo kwenye simu. Aliishika juu chini, spika ikiwa sikioni kwa bahati, akafumba macho. Nilitegemea machozi, nakiri. Nilikuwa hata nimejiandaa kumpiga picha.

"Huyu ana haraka," akasema. "Anakwenda wapi?"

Akanieleza kwamba babu alikuwa nalo, alilipiga njiani akitoka kilabuni, ili yeye bibi alisikie kutoka mbali na apashe chakula, na kwamba likipigwa kwa haraka vile maana yake mtu amekunywa hela ya chumvi. Lilipo sasa? Liliwashiwa moto mwaka fulani wa mvua nyingi. Hakuona la ajabu. Akarudia wimbo mara tatu, kila mara akimsahihisha marehemu wa watu, halafu akataka uwekwe kwenye simu yake. Simu yake ni kitochi. Nikanunua kadi ya memori, nikahangaika nayo jioni nzima, ikakubali.

Vifaranga wa awamu ile niliwauza mia na themanini na kitu. Karani sijamwona tangu mwezi wa tano. Fulana bado naivaa, magunzi nimebadilisha mara mbili. Kinachoniamsha saa tisa usiku siku hizi ni bibi, anapiga simu kutoka Kalenga kusema yule kijana amenyamaza tena, nibonyeze wapi.