Kutoka Faza hadi Mto Tana kwa Mashua: Hesabu Huanzia Kipini

Safari ya mashua kutoka Faza, kisiwani Pate, hadi mfereji wa Belezoni kwenye Mto Tana hupita maji ya namna tatu: mlango mwembamba wa Mkanda kati ya Manda na bara, bahari wazi kutoka Lamu hadi Kipini, kisha mto wenyewe. Wengi hupanga saa ya kung'oa nanga kwa kutazama upepo. Mimi natazama kwanza maji ya Kipini, maana mdomoni mwa mto ndipo chombo kinapoweza kupotea, halafu nahesabu kurudi nyuma.

Msimu ni kaskazi, Januari na Februari. Upepo unakuja tezini, yaani nyuma ya chombo, mvua za vuli zimekwisha na Tana haishushi magogo mengi. Juni na Julai, kusi ikiwa kali, siendi kabisa.

Siku ni za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukishaandama au ukiwa mpevu. Bamvua kwetu hujaa kama saa 10 au 11, alfajiri na jioni, na kila siku huchelewa karibu dakika 50. Hapo hesabu inakaa sawa. Mkanda napita alasiri maji yakikaribia kujaa. Yakiwa yamepwa, chombo chenye mzigo kitakaa juu ya tope katikati ya mikoko mpaka maji yarudi. Nalala Lamu. Kesho yake natoka saa 2 asubuhi, maji yanayokupwa yananitoa mlango wa Shela, na takriban kilomita 50 zilizobaki zinanifikisha Kipini saa 8 au 9 mchana, maji yakiwa bado yanajaa. Ukiondoka saa hiyohiyo siku za maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, utafika Kipini maji yakitoka, na hilo ndilo la kuepuka.

Sababu ni hii. Maji yakipwa, mkondo wa mto na wa bahari hutoka pamoja na kugongana na mawimbi yanayoingia. Wimbi linasimama wima, linavunjika juu ya fungu la mchanga. Maji yakijaa mkondo hulegea na kina huongezeka. Kwa hiyo naingia katika saa mbili za mwisho za kujaa, si nje ya hapo. Nikichelewa, natia nanga nje au narudi.

Kabla ya kuingia natua tanga na kufunga foromali, mti unaoshika tanga, kwa sababu upepo wa tezi ukigeuza tanga ghafla kwenye mawimbi, mashua inalala ubavu. Naingia kwa mashini. Abiria na mizigo vinasogezwa nyuma kidogo ili omo, yaani mbele ya chombo, isichimbe, na tezi inaelekezwa wimbini moja kwa moja. Natafuta pengo ambalo wimbi halivunjiki na kulitazama kwa mawimbi kadhaa kabla ya kuongeza mwendo. Mafungu ya Kipini huhama kila baada ya mafuriko, kwa hiyo alama za mwaka jana hazifai. Wavuvi wanaotoka pale kila siku ndio wa kuulizwa, na ukimpata mmoja akupande chomboni, mlipe.

Mashini ya nguvu ya farasi 15 hunywa lita 4 hadi 5 kwa saa kwa mwendo wa wastani. Kila lita 20 za petroli natia mililita 400 za oili. Akiba ni plagi mbili, propela na pini yake, na impela ya pampu ya maji. Impela usiiache: maji ya Tana yana udongo mwingi unaoila haraka. Mashini ikikojoa kwa nguvu, yaani ikitoa maji ya kuipoza, sawa. Mkojo ukiwa mwembamba au wa kudondoka, zima papo hapo, zibua tundu kwa waya, na ukishindwa fungua pampu kabla mashini haijachemka.

Kipini namwaga farumi, uzito wa kutuliza chombo. Magunia ya mchanga yanahitajika baharini kwa ajili ya tanga, lakini mtoni ni uzito wa bure, tena maji ya mto yasiyo na chumvi hayakibebi chombo juu kama maji ya chumvi. Kupanda kuelekea Kau nasubiri maji yajae ili yanisaidie. Mbele ni Belezoni, mfereji uliochimbwa kwa mikono karne ya 19 kuunganisha Tana na Ozi. Mafuriko yakaupanua hadi mto wenyewe ukafuata njia hiyo. Najivunia kazi ya wazee wale kila nikipita.

Kwenye viboko napiga ubavu wa mashua kwa pondo, mti wa kusukumia chombo, na kusubiri wainue vichwa, nijue walipo. Wanaachiwa upande wa kina. Usikae kati yao na maji marefu. Kufunga, sifungi chini ya ukingo uliochongwa na mkondo, maana huporomoka. Kamba naziacha ndefu, la sivyo maji yakishuka usiku mashua itaning'inia.

Kurudi Lamu kaskazi iko usoni. Natoka Kipini alfajiri maji yakiwa juu, nashika umande, yaani upepo wa alfajiri unaotoka bara, na petroli napanga mara mbili ya ile ya kuja.