Windows 10 imeishiwa apdeti, tuhamie Linux au tubaki? Hesabu za duka letu la kuchapa hapa Busia

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipewi tena apdeti za usalama za bure, na hapa Busia, upande wa Uganda, wenzangu wa maduka ya kuchapa na fotokopi wamekuwa wakiniuliza, dada, nyie mmeamuaje na mashine zenu? Wapo wengi pia ambao hawajaona tofauti yoyote, kompyuta inawaka kama jana, Word inafunguka, printa inatoa karatasi, sasa shida iko wapi. Nimeona niandike yote mahali pamoja, maana nikieleza kwa mdomo huku wateja wamepanga foleni sifiki mwisho.

Kwanza tuelewane ni nini hasa kimeisha. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na kwa miaka kumi kila mwezi ilikuwa inaletewa viraka vya kuziba matundu ambayo wezi wa mitandaoni wanapitia. Sasa tundu likigunduliwa leo linabaki wazi, labda uwe umejiunga na mpango wa nyongeza nitakaoutaja chini. Anayesema mimi sina kitu cha kuibiwa akumbuke WannaCry ya Mei 2017, ile iliyofunga mafaili ya watu dunia nzima na kudai pesa ndio uyafunguliwe. Kiraka chake kilikuwa kimeshatoka Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla, na waliopigwa wengi ni wale ambao hawakuwa wamekiweka. Hao walichelewa miezi miwili tu, sisi tunazungumzia mashine ambayo bila mpango huo haitaletewa kiraka tena kabisa.

Alafu angalia kazi yenyewe tunayofanya. Barua ya LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, inachapwa hapa, makubaliano ya kuuza kiwanja yanachapwa hapa, kitambulisho cha taifa kinaskaniwa hapa, CV, ripoti za shule, programu ya mazishi ambayo familia inaitaka saa mbili usiku na mazishi ni kesho. Watu wanatuachia nakala za maisha yao kwenye kompyuta bila hata kuuliza zitakaa wapi. Na kila anayeingia ana flashi, hiyo flashi jana ilikuwa kwa duka la jirani, juzi ilikuwa ng'ambo Kenya, leo iko kwangu, kesho inaenda kuchomekwa ofisini kwa mtu. Mashine ya nyumbani ikiingiwa na virusi ni hasara yako, ya dukani ikiingiwa umesambazia mji mzima. Ndio maana mimi nilikataa kabisa lile wazo la tuendelee tu tutaona.

Sasa kwa nini tusiende Windows 11 tukamaliza? Kwa sababu mashine zenyewe haziruhusiwi. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021 na inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kama ni prosesa ya Intel inataka kuanzia kizazi cha nane kwenda juu. Sisi tuna HP EliteBook 840 G3, zile yuzdi zinazopita Dubai zikaletwa Kampala, na ukienda maduka mengi hapa mjini utazikuta hizohizo au ndugu zake. Ndani yake kuna i5-6300U, hiyo namba ya kwanza baada ya i5 ndiyo kizazi, kwa hiyo ni ya sita, imeachwa nje. G4 ni ya saba, nayo nje. G5 yenye prosesa ya kizazi cha nane ndiyo inaingia. Na hii inaniuma, naisema wazi, kwa sababu hizo laptopu hazina ugonjwa wowote, zina RAM GB 8, zina SSD, betri tumebadilisha, zinafanya kazi kuanzia asubuhi mpaka usiku. Kuzitupa eti kwa sababu ya namba ya prosesa ni kumwaga pesa ya mtu aliyejinyima.

Njia ya kulipia ipo. Kuna mpango wa apdeti za nyongeza kwa kompyuta za watu binafsi, dola 30, au bure ukiingia na akaunti ya Microsoft, wenye Windows, na kukubali kuhifadhi setingi zako kwao mtandaoni, na unaishia tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa biashara na mashirika ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei inapanda maradufu kila mwaka. Piga hesabu ya duka lenye mashine tatu uone kama inaingia akilini.

Njia nyingine ni ya mafundi, anakuja na flashi yake anaruka yale masharti na kukuwekea Windows 11 kwa nguvu. Inawezekana, sikatai, na mashine inawaka vizuri tu. Lakini wenye Windows wenyewe wamesema mashine kama hizo hawazihakikishii apdeti, na apdeti ndiyo kitu tunachokitafuta, sasa umeruka ukuta ukaingia nyumba isiyo na mlango. Na fundi akishafika hapo huwa anamalizia na kale kaprogramu ka kuaktiveti bila leseni, ambako ni kitu kimeandikwa na mtu usiyemjua na unakipa ruhusa zote za mashine huku umezima antivairasi ili kipite. Kwangu mimi hapana.

Kwa hiyo ikabaki Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa anaisukuma tangu zamani na mimi nilikuwa namwambia subiri. Si kitu cha juzi, Linus Torvalds aliianza mwaka 1991, na hata sisi Waswahili tuna historia nayo kidogo, mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili kabisa. Wengi hawalijui hilo na ni la kujivunia. Linux ina aina nyingi, sisi tulichagua ile inayoitwa Linux Mint, toleo la 22, la Julai 2024, ambalo linapewa apdeti mpaka 2029, na sababu kubwa ni kwamba menyu iko pale chini kushoto mtu alipoizoea.

Uzuri ni kwamba hauhitaji kuamua ndio ujaribu. Unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kutoka kwenye flashi, Mint inafunguka nzima na Windows yako iko palepale haijaguswa. Faili la kudownload ni karibu GB 3, na data yetu ina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, kwa hiyo atakayelidownload awagawie wenzake, kisheria inaruhusiwa, hakuna leseni ya kuiba hapo.

Ila msiijaribu kwa kufungua brauza na kuangalia picha ya nyuma alafu mseme ni nzuri. Jaribu na kazi iliyoingia mlangoni siku hiyo.

Mwalimu mmoja alikuja na flashi yake ya ripoti za darasa, anatetemeka, kwenye kompyuta ya shule akifungua anaona shotikati moja tu yenye jina la flashi, faili zote zimepotea na ripoti zinatakiwa Ijumaa. Hawa virusi wa shotikati mnawafahamu, wanaficha mafaili yako na kuweka kimlango cha bandia, ukikibonyeza unawaingiza kwenye mashine. Tukaichomeka kwenye laptopu iliyowashwa na Mint. Pale pale tukaona folda isiyo na jina, nafasi tupu tu mahali pa jina, kuifungua, ripoti zote zimo, P4 mpaka P7, hakuna hata moja iliyokufa. Ile shotikati haina kazi kwenye Linux, ni faili limelala tu, na yale mafaili yaliyofichwa kwa mtindo wa Windows Linux haijali kama yamefichwa. Tukayakopi, tukaformati flashi, tukamrudishia. Mwalimu akasema, dada, Mungu akubariki, nilikuwa nimeanza kuandika upya kwa mkono. Mimi hapo ndipo nilipoacha kubishana na mdogo wangu kuhusu mashine ya kaunta.

Lakini kuna mengine yalitusumbua na lazima niyaseme. Printa yetu ndogo ya leza ya HP, ile P1102, ilitambulika haraka lakini haikuchapa mpaka tulipoidownloadia plagini yake, baada ya hapo hakuna maneno. Epson za tanki za wino zina dreva za Linux. Wenye Canon LBP za zamani pimeni vizuri kabla, dreva zake ni kazi ngumu, na duka la kuchapa lisilochapa si duka.

Alafu fonti. Hati ya mteja imeandikwa kwa Calibri, ukiifungua kwenye LibreOffice, ile programu ya ofisi ya bure inayokuja na Mint, na Calibri haipo, inaweza kuwekwa fonti nyingine yenye upana tofauti, mistari inasogea, CV ya kurasa mbili inakuwa mbili na mistari mitatu ya tatu. Dawa ipo, weka Carlito badala ya Calibri na Caladea badala ya Cambria, zimetengenezwa kwa vipimo vilevile, na Times New Roman inashikiwa nafasi na Liberation Serif. Tukishaweka hizo kurasa zikakaa. Na ingia kwenye setingi uiambie LibreOffice isevu kama docx, mtindo wa Word, siku zote, ukimpa mteja faili la odt, mtindo wa LibreOffice yenyewe, anaweza kufika kwenye simu yake halifunguki, anarudi amekasirika na ana haki.

Kuhusu apdeti zenyewe nimependa kitu kimoja, Mint inakuonyesha kwamba kuna apdeti na inakusubiri. Haijizimi na kujiwasha yenyewe mteja akiwa amesimama mbele yako. Tunaziweka usiku tukishafunga, stima ikiwepo.

Sasa pale palipotufunga. CorelDRAW, programu tunayodizainia, haina toleo la Linux, na kadi zetu, mabango, kalenda, vyote ni faili za CDR, na mafaili tunayotuma au kupokea kutoka kwa wachapaji wa Nasser Road Kampala ni CDR hivohivo. Inkscape ni programu nzuri na ni ya bure, kazi mpya ya kuanza mwanzo unaifanya vizuri kabisa, lakini ukifungua CDR ya mtu mwingine unakuta maandishi yamehama au kivuli kimepotea, na bango la watu la harusi huwezi kulijaribia bahati. Pia kuna wateja wanaoleta fomu za Excel zenye makro ndani, zile zenye vitufe vya kubonyeza ndio zihakiki hesabu, LibreOffice inazifungua lakini vitufe vingi havifanyi kazi inavyotakiwa. Na wanafunzi wa Sub-ICT, lile somo la kompyuta la sekondari ya juu, wanaokuja jioni kufanya mazoezi, shule zao zinawafundisha Word, Excel na Access. Mtoto ana mtihani wiki ijayo, hauwezi kumkalisha mbele ya menyu ambazo hatazikuta kwenye chumba cha mtihani. Huyo anahitaji alichofundishwa, na mimi siwezi kumfanyia majaribio.

Kwa hiyo hatukuhama wote na hatukubaki wote. Mashine ya kaunta, inayopokea flashi za kila mtu na kuskani vitambulisho, ni Mint peke yake, Windows tumeifuta. Ya pili ina zote mbili, ukiiwasha inakuuliza unataka ipi, na upande wa Windows ni wa wanafunzi, mazoezi tu, hakuna karatasi ya mteja inayokaa humo. Ya Corel imebaki Windows 10 lakini tumeikata intaneti kabisa, waifai tumeizima, na flashi ya mteja haichomekwi humo hata akiwa na haraka namna gani, inapita kwanza kaunta, tunaikagua kwenye Mint, alafu faili peke yake linavushwa na flashi yetu ya dukani. Wateja wengine wanaona tunawachelewesha, nawaelezea, wengi wanaelewa nikiwaambia ni kwa ajili ya makubaliano yao ya kiwanja.

Mnaoniuliza kama mhame, kaeni wiki moja mwandike kila kazi inayoingia na programu iliyoifanya. Kama kazi zako ni barua, kuskani, imeili, kujaza fomu kwenye brauza, hauna sababu ya kuendelea kukaa kwenye Windows 10, kopi mafaili yako yote kwenye diski ya nje kwanza, hilo lisirukwe, alafu hama. Kama mkate wako uko kwenye Corel, usihame kwa hasira, weka pembeni pesa ya mashine ya kizazi cha nane.

Sisi ndiyo tunayoiwekea. Tunatafuta EliteBook 840 G5, na kabla ya kumpa muuzaji shilingi yoyote tutaomba aiwashe, tusome namba ya prosesa kwamba ni ya kizazi cha nane, alafu tuandike tpm.msc kwenye sehemu ya kutafutia, tusome wenyewe kwamba imeandikwa 2.0, maana muuzaji mmoja alishatuonyesha G3 yenye stika ya Windows 11 juu yake.